Koti la Kukatia Kona

Koti la Mwenyekiti lilirudi dukani mara ya sita siku ya Jumanne, na safari hii lilirudi likiwa limepanda baiskeli. Mwenyewe alikuwa ndani yake, ameinama juu ya usukani, viwiko vimebana mbavu kama kuku aliyenyeshewa. Akapita mlangoni, akapita kati ya meza ya kukatia na rundo la vitambaa vya sare za shule, akafunga breki mbele ya cherehani ya Mama Mdogo.

"Fundi, ona," akasema bila kunyanyuka. "Ona hapa mgongoni. Nikikata kona, kwapa linalia."

"Linalia?" Mama Mdogo akauliza. "Mimi nasikia mnyororo tu. Utie mafuta."

Mwenyekiti ni mwenyekiti wa chama chetu cha baiskeli za mteremko. Sisi ndio wale watu wa kujirusha kutoka kileleni mpaka chini, kwenye njia ya mawe na vumbi, na kushindana nani atafika wa kwanza akiwa na meno yake yote. Alikuwa anaoa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na alikuwa ameapa kufika harusini kwa baiskeli, akishuka kilima kile kile, ndani ya suti. Mimi sikushangaa. Wazimu nimeuona mwingi pale kilimani, na huu wa kwake ulihitaji tu mita tatu na nusu za kitambaa cha kijivu.

Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, ndiye fundi. Mimi natia vifungo na kupiga pasi, na siku za mapumziko nashuka kilima na hao wendawazimu. Kwa hiyo ugomvi huu haukuwa na upande ambao sikuwa na mtu wangu.

Koti lilikuwa limeongezwa kwapani, likapunguzwa kiunoni, likaongezwa mgongoni, likarudishwa lilivyokuwa. Mara ya nne Mama Mdogo alilipiga pasi tu, akamkabidhi. Mwenyekiti akalivaa, akajinyoosha, akasema, "Sasa angalau!" Kesho yake akarudi.

"Tatizo lako, Fundi," akasema sasa, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaacha kuangalia simu zao, "hujui kona ni kitu gani. Miaka ishirini umekaa kwenye kiti. Utamshoneaje mtu koti la kukatia kona, wakati kona yako wewe ni ya kutoka hapa kwenda jikoni?"

Mama Mdogo akatoa pini mdomoni. Moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye kimto chake cha mkononi. Alipotoa ya nne nikajua mambo yameharibika. Pini zikimtoka mdomoni, maana yake anauhitaji mdomo wote.

"Mimi nimekata kona za kola kabla wewe hujaota ndevu," akasema. "Hicho kilima kina kona ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Shati moja la mikono mirefu lina kona zaidi ya hizo. Jumamosi hii nashuka. Nikifika chini bila kuanguka, utasimama mbele ya chama chako chote na huyo mchumba wako, useme koti halina kosa. Na utalivaa."

"Na ukianguka?"

Mama Mdogo akatazama juu ya mlango, kwenye kibao alichokiandika kwa mkono wake siku aliyofungua duka: HAPA NGUO HUKAA MWILINI.

"Nikianguka nakishusha kile. Nabaki kushona foronya."

Hakuna aliyecheka. Kibao kile ndicho kilichompa jina. Mtaani hawamwiti fundi, wanamwita Kaa-Mwilini, na hata mleta barua humwita hivyo.

Tulikuwa na siku nne.

Siku ya kwanza nilimfundisha uani, kati ya kamba za nguo na pipa la maji. Nikampangia chupa tupu azizunguke.

"Macho yasitazame tairi," nikamwambia. "Tazama unakotaka kutokea."

"Nani aliwahi kutazama sindano? Ukitazama sindano mshono unapinda. Unatazama kitambaa kinakokwenda. Endelea."

Nikamwambia breki hufungwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Akasema hata cherehani hupunguzwa mwendo kabla ya kufika shingoni mwa nguo, mtoto wa siku tatu anajua, je, sina jipya? Nikamwambia kwamba kwenye kona ya vumbi baiskeli ndiyo inayolala, mwili unabaki wima juu yake. Kiwiko cha nje unakipandisha, mguu wa nje unaushusha na kuukandamiza, ili tairi ling'ate ardhi. Hilo lilikuwa jipya. Akajaribu, akajaribu tena, kisha akanitazama kwa jicho ambalo huwa analitumia kutafuta kasoro kwenye kitambaa.

"Kiwiko nje?"

"Nje."

"Mwili wima?"

"Wima."

"Hm," akasema, akaigeuza baiskeli kuanza upya.

Somo la kuteleza tulilifanyia dukani, saa ya chakula cha mchana, mlango umefungwa. Tulisukuma meza ukutani, nikamwaga maji ya sabuni kwenye vigae. "Unakuja, unalaza baiskeli, unagusa breki ya nyuma kidogo tu. Tairi la nyuma litakimbilia pembeni. Usiogope, achia breki, litarudi lenyewe. Ukiing'ang'ania, unakwenda nalo."

Mara ya kwanza aliing'ang'ania, akateleza mpaka ndani ya chumba cha kujaribia nguo, ambamo mlikuwa na mteja tuliyemsahau. Mteja akasema suruali imemkaa vizuri sana, akaondoka nayo akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Mara ya pili akaondoka na sanamu ya kuvalishia nguo, wakateleza wawili wamekumbatiana. Mara ya tatu akachora nusu duara safi, akasimama mbele ya kioo kirefu na helmeti yangu imekaa juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Kumbe mimi mzuri hivi," akasema.

Kilibaki kitu kimoja kibaya, na hicho huna usipokuwa umezeekea kwenye cherehani ya kukanyaga. Miguu yake haikujua kutulia. Fundi akifika kwenye mzunguko wa kola, mikono inageuza kitambaa na mguu unaendelea na kazi yake, taratibu, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Ukizubaa, gurudumu linarudi nyuma na mshono wote unajisokota. Kwa hiyo kila alipoingia kwenye kona akiwa amelaza baiskeli vizuri, kiwiko juu, macho mbele, miguu nayo ilianza kazi. Pedali ya ndani ikashuka, ikagonga ardhi, na fundi akapaa.

"Usikanyage!"

"Sikanyagi!" akanijibu, huku anakanyaga.

Ijumaa alianguka mara tisa. Nikamsihi aahirishe.

"Niahirishe nini? Nimeshawaambia wateja wote. Mmoja ameniomba nimwekee nafasi ya mbele."

Chama chetu kina kanuni. Kila kona ina mwangalizi mwenye kibendera cha njano, na mwangalizi hamsaidii anayeshuka kwa mkono wala kwa mdomo. Tuliipitisha wenyewe, mimi nikiwa nimenyoosha mkono, baada ya kijana mmoja kuelekezwa na wajomba wanne kwa mpigo na kuishia juu ya mti. Jumamosi asubuhi Mwenyekiti akanipanga kona ya tatu, ya chini kabisa, ambako njia inajikunja ghafla mbele ya karakana ya seremala.

"Ili ujionee mwenyewe," akasema. Alikuwa amevaa ile suti. Atashuka nyuma ya Mama Mdogo, alisema, ili haki itendeke, na ili watu waone kwapa linavyolia.

Mchumba wake, dereva wa lori la mchanga, alikuja kusimama karibu nami na mfuko wa karanga.

"Yule pale ndiye mume wangu mtarajiwa," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mahali alipogongesha gari.

Mama Mdogo akatokea juu. Alikuwa amesahau kuvua futi ya kupimia, inapepea shingoni. Kona ya kwanza ni pana, akaizunguka kama pindo la sketi. Ya pili ina changarawe. Akalaza baiskeli, tairi la nyuma likakimbia, watu wakapiga yowe, akaachia breki na tairi likarudi lenyewe kama nilivyomwambia. Wateja wake wakaanza kuimba. Nyuma yake Mwenyekiti akaingia kona ile ile, mwili wote umelala ndani, viwiko mbavuni, koti limevutika mgongoni kama ngozi ya ngoma. Akapita, lakini alipita kwa kumwomba Mungu.

Kisha Mama Mdogo akaja kwangu. Breki mapema, vizuri. Macho mbele, vizuri. Kiwiko kikapanda. Baiskeli ikaanza kulala. Na hapo nikauona mguu ukianza: kisigino, vidole.

Ulibaki mzunguko mmoja wa pedali, na baada yake ni foronya maisha yake yote.

Nikatupa kibendera.

"MAMA MDOGO! UZI UMEKATIKA!"

Hakuna fundi duniani anayeendelea kukanyaga uzi ukikatika. Mguu wa nje ukaganda hapo hapo ulipokuwa, chini, mahali pake hasa. Tairi la nyuma likachora nusu duara, likammwagia dereva wa lori vumbi pamoja na karanga zake, na Mama Mdogo akavuka mstari wa mwisho akiwa wima, anatafuta sindano mbele ya usukani.

"Umekatikia wapi?" akauliza.

Mwenyekiti alikuwa mita kumi nyuma yake, na yeye aliyasikia maneno hayo akiwa ndani ya suti ya harusi. Akainamisha kichwa kutazama kwapa. Sasa, baiskeli huenda unakotazama, hilo yeye ndiye aliyenifundisha. Ikaiacha njia, ikapanda lundo la maranda ya seremala, na Mwenyekiti akazama mpaka kiunoni, kichwa kikitangulia.

Mama Mdogo akamvuta kwa miguu. Hakumuuliza kama ameumia. Alimgeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mshono mmoja baada ya mwingine.

"Hakuna ulioachia," akasema. "Haya, inama. Jifanye uko kwenye kona."

Mwenyekiti akainama, anatema maranda.

"Mbona viwiko umevibana mbavuni? Nani alikufundisha hivyo?"

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Inaonekana. Pandisha cha nje. Zaidi. Kifua kisilale, acha baiskeli ilale. Ndiyo hivyo. Linabana?"

Koti lilitulia mgongoni mwake kama maji kwenye beseni. Mwenyekiti akashusha kiwiko, akakipandisha, akakishusha tena. Akajaribu upande wa pili.

"Halibani," akasema, karibu kulia.

"Koti halina kosa. Wewe ndiye unayekata kona vibaya. Mara sita umenirudishia nguo nzuri kwa sababu ya viwiko vyako!"

"Sema kwa sauti, mpenzi," mchumba wake akamwambia, anakung'uta vumbi kwenye karanga. "Wa nyuma hawajasikia."

Akasema. Koti halina kosa, na atalivaa. Watu wakapiga makofi, na mtu akaanza kuita, "Kaa-Mwilini! Kaa-Mwilini!" mpaka seremala akatoka kuuliza ni nani amelalia maranda yake.

Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti hata akiwa na mbao masikioni. Alipomaliza kujikung'uta, akaninyooshea kidole.

"Huyu amevunja kanuni. Mwangalizi amefungua mdomo. Aombe radhi hapa hapa, yaishe. Asipoomba, msimu huu hashuki."

Akatabasamu, na nikamwelewa. Nikiomba radhi kwa kusaidia, basi Mama Mdogo alisaidiwa. Ikishakuwa alisaidiwa, hakushuka yeye, ameshushwa, na kabla ya jua kuzama kibao chake kitakuwa kinaning'inia kwa huruma ya watu.

Mama Mdogo akanivuta mkono. "Omba tu, mwanangu. Msimu mzima! Mimi sitajali wakinisema kidogo."

Alikuwa anajali. Nilimwona anavyokunjakunja ile futi vidoleni.

"Mwenyekiti," nikasema, "kanuni naijua, niliinyooshea mkono. Kelele ni yangu. Kona ni yake. Breki alifunga yeye, baiskeli alilaza yeye, mguu ni wake yeye. Andika jina langu. Nifungie msimu huu, nifungie na ujao ukitaka. Nitakaa dukani nitie vifungo."

"Radhi kidogo tu, binti. Hata ya kunong'ona."

"Siombi."

"Hata kwa haya maranda? Yameniingia mpaka ndani ya soksi!"

"Hata kwa maranda. Siombi."