Homa ya Noeli

Désiré hakuwa mwongo. Waliomfahamu kule Akalla, kwa Waswidi, tangu madereva wenzake wa mabasi hadi waimbaji wa kwaya, wangekuapia hivyo, na wasingekosea. Alikuwa tu mtu wa kupenda amani kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo ukimbana katikati ya mama yake na mke wake, utashangaa maneno yatakayomtoka.

Alibanwa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2009. Likizo ilikuwa imeshakubaliwa kazini, kuanzia kabla ya Noeli hadi baada ya Mwaka Mpya, na safari ilikuwa imeshatangazwa: wangepanda ndege hadi Bujumbura, wavuke mpaka kwa gari, waingie Uvira na binti yao Pélagie, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza mwaka, akapokewe na bibi yake mzaa baba. Bibi huyo naye aliitwa Pélagie. Kwao jambo hilo si la mchezo. Mtoto aliyepewa jina la mtu huhesabiwa kuwa ni mtu yuleyule amekuja tena, ndiyo maana Désiré alimwita binti yake "Mama" hata akiwa anambadilisha nepi, na bibi kule Uvira hakuwahi kusema "mjukuu wangu." Alisema "majina yangu." Kitenge cha kumbebea kilikuwa kimeshanunuliwa na kufuliwa, na majirani wote walikuwa wameshaambiwa wasisafiri siku hizo.

Ndipo Séraphine, mkewe, aliposema haendi. Hakupiga kelele. Alikuwa ametoka kliniki ya watoto, ambako nesi alimweleza kwa utaratibu wote wa Kiswidi habari za dawa za malaria na chandarua, na kadiri nesi alivyozidi kueleza ndivyo Séraphine alivyozidi kumwona Heshima, mdogo wake wa kiume, aliyefia mikononi mwa mama yao katika kambi ya wakimbizi akiwa na umri huohuo wa kuanza kusimama. Akamwomba mumewe wangoje mtoto afike angalau miaka mitatu. Désiré alimtazama, akamwonea huruma, akakubali palepale. Katika hilo hakuwa na kosa lolote. Kosa alilifanya kwenye simu.

Angeweza kusema: Mama, mke wangu anaogopa malaria. Ni sentensi fupi na mama yake hakuwa mtu mgumu. Lakini Désiré alijua kwamba habari hiyo ingefika kanisani kabla ya jua kuzama, na ingefika ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha: mke wa Désiré amekataa ukweni, mke wa Désiré anaona Uvira ni jalala, Désiré mwenyewe amekaliwa kichwani. Hakutaka mkewe asemwe. Kusema kweli hakutaka na yeye asemwe. Basi mama yake alipouliza kulikoni, alikisikia kinywa chake kikisema mtoto ana homa, homa haishuki, na daktari amekataza ndege.

Mama yake aliuliza kama mtoto anakula. Désiré, kwa kuwa alikwisha kuanza, akasema hali chakula vizuri. Aliiweka simu mezani, akajituliza kwamba homa ya mdomoni haijapata kumuua mtu, na kwamba baada ya muda atasema imepona na mambo yataisha. Séraphine alipomuuliza mama amesemaje, alijibu kwamba ameelewa.

Na likizo ile, jamani, ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Désiré baadaye kuliko mengine yote. Theluji ilianguka mapema ikakaa. Walitundika nyota ya karatasi yenye taa dirishani kama majirani, na mtoto aliinyooshea kidole kila asubuhi kana kwamba haijawahi kuwapo. Mchana walimvika nguo nene za baridi hadi mikono ikashindwa kulala ubavuni, wakamkalisha kwenye sahani ya plastiki ya kutelezea, na Désiré akamvuta kwa kamba hadi kilima kilicho nyuma ya nyumba. Mtoto alicheka kila aliposhuka, na aliposimamishwa alilia. Nyumbani Séraphine alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki, wakala wakiwa wamekaa sakafuni kama watoto watatu. Ni katika siku hizo Pélagie aliposhika ukingo wa kochi, akauachia, akatembea hadi kwenye magoti ya baba yake. Walipiga picha mpaka betri ya kamera ikaisha. Désiré hakumbuki kama aliiwaza Uvira hata mara moja jioni ile. Mama yake hakuwa amepiga simu kwa muda, naye aliuchukua ukimya huo kuwa ni amani.

Siku ya pili ya Noeli kengele ya mlango ililia. Séraphine alipofungua alimkuta Mzee Anicet, kiongozi wa maombi wa kanisa lao la Sundbyberg, na nyuma yake akina mama wawili wenye makoti mazito, mmoja amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo. Dada yake Mzee Anicet alikuwa anasali kanisa moja na mama yake Désiré kule Uvira. Walivua viatu, wakavipanga ukutani, wakaingia sebuleni kwa mwendo wa watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa chini, mashavu yamejaa, anakula ndizi, na nusu ya ndizi hiyo alikuwa ameipaka kwenye televisheni.

Mzee Anicet aliuliza kwa sauti ya chini ile homa inaendeleaje. Séraphine akauliza homa gani. Mzee akadhani ameuliza kwa uchovu, kwa hiyo akaeleza: habari zilitoka Uvira, Mama Désiré anafunga tangu alipopigiwa simu, anakunywa maji tu na uji kidogo jioni, kikundi cha maombi kinakesha naye, na amekonda mpaka watu wameanza kumwogopea yeye. Désiré alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Aliona uso wa mkewe unamgeukia polepole. Hapo ndipo mtu angesema. Badala yake alisema homa imeshuka jana.

Furaha iliyofuata ilikuwa mbaya kuitazama. Mama mmoja alilia. Mzee Anicet alipiga magoti mbele ya mtoto akashukuru kwa sauti kubwa, na mtoto, kwa kupenda watu, akampa kipande cha ndizi. Halafu mzee akatoa simu yake, akapiga Uvira, akaweka sauti wote wasikie. Vigelegele vilijaa sebule. Kisha ikaja sauti ya mama yake Désiré, nyembamba kuliko alivyoizoea, ikauliza kama majina yake amepona kweli. Désiré alijibu kwamba amepona kweli, Mama. Pale nyumbani hakuna aliyekuwa mzima kuliko mtoto yule.

Séraphine aliwapa wageni chai na mandazi, akacheka palipohitaji kucheka, akawasindikiza hadi kwenye ngazi. Aliporudi aliosha vikombe vyote kwanza.

"Ungesema ni mimi, Papa Pélagie," alisema, hajageuka. "Wangenisema, wangechoka, basi. Mtoto wangu umemwekea ugonjwa ili ufiche nini?"

Désiré alisema alitaka kumlinda. Séraphine akamjibu kwamba hakumwomba ulinzi huo, na kwamba kabla mwaka haujaisha ampigie mama yake amweleze yote. Akaahidi.

Lakini Mwaka Mpya ulifika kabla hajapiga moyo konde, na ibada ya Mwaka Mpya ilikuwa na ushuhuda. Aurore, dada yake Désiré, alimpigia kumsimulia jinsi Mama alivyosimama mbele ya kanisa zima na mwili wake ule uliobaki mifupa, akaeleza habari ya homa ya Ulaya iliyoshindwa na maombi ya Uvira, akacheza mpaka wakamletea kiti. Sasa mtu ataanzia wapi kuubomoa ushuhuda kama huo, tena kwa simu? Désiré alijiambia mambo mazito yanataka uso kwa uso. Waoga wana heshima sana ya uso kwa uso, hasa uso wenyewe ukiwa mbali.

Mwaka ukaenda. Séraphine hakulirudia jambo lile, ila lilimkaa. Hakuwa yeye aliyedanganya, lakini mwanamke mzee alikuwa ameacha chakula kwa sababu iliyoanzia kwenye woga wake, na hakupata usingizi mzuri juu ya hilo. Wakati wa Pasaka walimpa Norbert, rafiki wa kwaya aliyekuwa anaenda Bujumbura, mzigo wa Uvira: sweta, sabuni, dawa ya viungo, na bahasha ya picha za likizo. Mama alipiga kushukuru. Alilisifia sweta, akaisifia sabuni, na kuhusu picha hakusema neno. Désiré aliliona hilo, akaliacha lipite, maana kuuliza kungefungua mengine.

Majani yalipoanza kuanguka Séraphine mwenyewe ndiye aliyesema waende. Alikuwa amekwenda tena kwa nesi, safari hii na maswali yake mkononi, akarudi na dawa na chandarua kidogo cha kitoto. Alisema ikibidi atakaa macho kila usiku akipunga mbu, lakini mama yule atambeba mtoto huyu mgongoni, na siku hiyohiyo Désiré atasema alichotakiwa kusema. Désiré alimkumbatia. Alipiga simu Uvira Jumapili baada ya kanisa, akiwa jikoni, Séraphine kando yake na mtoto chini ya meza.

Alimwambia mama yake wanakuja, wote watatu, Noeli hii hakuna cha kuzuia.

Mama hakushangilia. Alisema yeye aje, na mkewe aje, atawapokea kwa moyo wote. "Lakini mutoto mumuache kule kwa watu," alisema.

Désiré alicheka, akidhani mama anaogopa homa nyingine, akaanza kueleza dawa na chandarua. Mama alimwacha amalize. Halafu akamweleza, taratibu, bila huzuni ya kujionyesha, kama mtu anayeeleza alikoziweka funguo. Wakati ule homa ilipokataa kushuka, alisema, chakula alikuwa ameshakiacha na bado aliona ni kidogo. Akatafuta kitu cha kumpa Mungu. Mbuzi hana, shamba lilikwisha kwenye vita. Akajiuliza ni nini hapa duniani anachokitaka kuliko vyote, akaona ni kumtazama majina yake. Basi akaweka nadhiri: mtoto aachiwe uhai, na yeye hatamwona, si uso wake wala picha yake, mpaka siku atakapoitwa. Akaapa mbele ya kikundi cha maombi, na kesho yake Mzee Anicet akapiga simu. Bahasha ya Norbert imo sandukuni, alisema, haijafunguliwa.

Désiré alikaa. Kiti hakikuwa pale alipodhani, akakaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu. Séraphine, aliyekuwa ameinamia simu akasikia yote, alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja. Hatimaye Désiré aliyasema. Aliyasema yote, na kwa vile aliyachelewesha mwaka mzima yalimtoka ovyo ovyo, kliniki na malaria na watu watasemaje, mpaka akafika kwenye lile lenyewe.

"Hakukuwa na homa, Mama. Hakukuwa na homa hata siku moja. Nilidanganya."

Alingoja kilio, alingoja laana. Alisikia kuku huko Uvira, na mtu anayepita akimsalimu mama yake, na mama yake akiitikia salamu.

"Nimesikia," mama alisema. "Lakini miye sikuahidi wewe, Désiré. Niliahidi Mungu. Na Yeye hakunidanganya."

Alimsihi. Alisema mchungaji anaweza kumfungua, Mzee Anicet anaweza kuandika, nadhiri iliyotolewa kwa uongo si nadhiri. Mama alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayeomba asioge. Alisema hakuna wa kumfungua, na kwamba hamkasirikii, na kwamba mkewe asisumbuliwe juu ya hili, woga wa mama kwa mtoto wake anaujua. Afadhali angemtukana. Désiré alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na alilia mbele ya mkewe bila kujifunika, kwa sababu aliona kwamba alikuwa amemnyang'anya mama yake kitu kimoja tu duniani, na alikuwa amemnyang'anya wakati yeye mwenyewe anakitazama kila asubuhi.

Mama yake alimngoja atulie.

"Macho ndiyo nilitoa," alisema. "Masikio sikutoa. Umupe simu."

Séraphine alimtoa mtoto chini ya meza, akampakata. Désiré akaiweka simu kwenye sikio lile dogo, akainama karibu ili naye asikie. Pélagie alikuwa anakaribia miaka miwili na nyumbani hakunyamaza, Kiswahili na Kiswidi vyote kwa pamoja, lakini sauti ndani ya simu ilimduwaza, macho yakamtoka.

"Majina yangu," ilisema sauti. "Uko unanisikia?"

Mtoto alikuwa anasikia. Désiré alimnong'oneza aseme ndiyo, aseme chochote, aseme tu jina lake. Séraphine alimtikisa mguu kidogo. Kutoka Uvira bibi aliuliza tena, polepole zaidi, na Pélagie, ameishika simu kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, kwa nguvu, akitabasamu.