Oili Isiyopungua

Pikipiki zinazopoteza oili nimeziona mpaka nimezichoka. Ipo inayovuja kwenye sili, ipo inayounguza oili ikatoa moshi wa buluu, ipo inayodondosha tone moja moja sakafuni mpaka mwenyewe anatandika boksi chini. Zote hizo dawa yake ni moja: unatafuta inakotokea, unaziba, mwenye mali anaenda zake. Lakini pikipiki ambayo oili yake inaongezeka? Hiyo sikuwahi kuiona mpaka Bwana Ramani aliponiletea ya kwake mara ya tatu.

Bwana Ramani ni jina nililompa mimi, kama mafundi wenzangu walivyonipa mimi la Mama Grisi. Alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu. Ana pikipiki kubwa ya safari, ile yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni, na juu ya tangi amefunga mfuko wa plastiki wa kuwekea ramani. Simu anayo, lakini ramani ya karatasi haachi. Kila baada ya wiki tano sita anafunga mizigo, anaondoka peke yake siku nane au tisa, anakwenda kuangalia ziwa au mlima aliowahi kuupima ujanani, anarudi. Ukimuuliza safari ilikuwaje, anakujibu, "Barabara nzuri." Basi. Hapo umeshapewa fungu lako la maneno la mwezi mzima.

Mara ya kwanza alikuja na kiatu cha kulia kimelowa oili. Kazi ndogo, gasketi ya mfuniko wa klachi ilikuwa imechoka, nikabadilisha. Shida ilikuwa yeye mwenyewe. Alinieleza kwamba kila asubuhi anaisimamisha pikipiki wima kwenye stendi ya kati, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakichovya tena, anakiinua kwenye mwanga, na akiona imeshuka kidogo tu anaongeza. Sasa mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikamjia juu.

"Mzee, injini si chungu cha mchuzi uwe unaonjaonja. Nimeijaza mimi, nimeipima mimi. Hicho kijiti usikiguse mpaka uilete tena hapa. Tumeelewana?"

Akasema tumeelewana. Na kweli hakukigusa tena, maana mtu aliyefanya kazi ya vipimo miaka thelathini ukimpa maelekezo anayafuata kama yalivyo.

Mara ya pili ilikuja imepakiwa kwenye pikapu, baada ya wiki nne. Ilikuwa inatoa moshi mpaka majirani wanafunga madirisha. Nikafungua boksi la chujio la hewa, oili ikanimwagikia mikononi, chujio limelowa chapachapa. Nikasema moyoni, hizi ni ringi za pistoni zimekwisha. Nikapima mgandamizo wa silinda, uko sawa kabisa. Nikasafisha kila kitu, nikabadilisha oili, nikaweka chujio jipya na mpira mpya wa kupumulia injini, nikamkabidhi huku najisifu. Oili iliyotoka sikuipima. Niliimwaga moja kwa moja kwenye pipa la oili chafu kama ninavyofanya siku zote, na hapo nilikosea mimi, hakuna wa kumsingizia.

Mara ya tatu, siku ya Jumatatu, alikuja suruali imechanika gotini na viganja vimechubuka. Oili ilikuwa imejaa tena kwenye boksi la hewa, ikapata njia ya kutokea, ikadondokea tairi la nyuma. Alipofika kwenye mzunguko wa barabara tairi likateleza, yeye na pikipiki wakaenda chini. Bahati yake alikuwa anakwenda taratibu.

"Jumamosi kuna mtu anakuja kuichukua," akaniambia.

"Kuichukua aipeleke wapi?"

"Naiuza. Nimemwambia mke wangu, kama wiki hii ugonjwa wake haujajulikana, naiuza."

"Yeye kasemaje?"

"Hakusema kitu. Toka zamani haipendi."

Alisema hivyo huku ananyoosha mikunjo ya ramani kwenye ule mfuko wa plastiki, na roho iliniuma. Iliniuma kwa ajili yake, na niseme ukweli, iliniuma pia kwa ajili yangu. Pikipiki iliyopita mikononi mwangu mara mbili inauzwa kwa sababu nimeshindwa kujua inaumwa nini. Nitauweka wapi uso wangu?

Safari hii nilipofungua boliti ya chini, oili nikaikinga kwenye jagi la vipimo. Injini ile inakunywa lita tatu na nusu. Nikajaza jagi, nikaandika kwenye ukuta kwa chaki, nikajaza tena. Zikatoka lita nne na nusu na ushee. Nikarudia kuzipima. Zilezile. Hiyo ya ziada ndiyo injini iliyokuwa ikiitapika kwenye boksi la hewa.

Hapo udadisi ukanishika pabaya. Kazi nyingine zote nikaziweka pembeni. Labda petroli inapenya kwenye oili, hilo hutokea. Nikainusa, haina harufu ya petroli. Nikaisugua kwenye vidole, ina utelezi wake kamili. Labda maji ya rejeta. Lakini maji yangeifanya nyeupe kama maziwa, na hii ilikuwa nyeusi tu ya kawaida. Ilikuwa oili tupu. Injini inayotengeneza oili yenyewe ningekuwa nayo, gereji ningeshaifunga siku nyingi nikawa muuza oili.

"Mzee, hujaongeza?"

"Si ulisema nisiguse?" Akaniangalia kama nimemwita mwongo, nikaona aibu.

Nikaijaza upya lita tatu na nusu, sio zaidi. Halafu alipogeuka kuzungumza na fundi wa matairi, nikachukua kichupa cha rangi ya kucha nilichokuwa nacho kwenye mkoba, nikachora mstari mwembamba kama uzi, nusu juu ya kile kijiti kinapojifunga, nusu juu ya chuma cha injini. Mtu akikifungua tu, ule mstari hauwezi kukutana tena sawasawa. Sikumwambia yeyote, hata yeye. Nikamwomba asiende mbali, Alhamisi aniletee.

Alhamisi asubuhi nikapiga magoti kabla hajavua kofia yake. Mstari umepishana. Nikaiinua kwenye stendi ya kati, nikapima. Oili imepita alama ya juu.

"Nyumbani mnaishi wangapi?" nikamuuliza.

"Mimi na mke wangu."

Nikamwonyesha mstari. Alielewa kabla sijamaliza kueleza. Akasema polepole, "Kumbe. Angeniambia tu niache. Ningeacha."

Yeye alishahukumu. Mkewe haipendi pikipiki, mkewe anaiharibu ili iuzwe, kesi imekwisha. Mimi hesabu hiyo ilinigomea. Mtu anayetaka kuua injini anatia mchanga, anatia sukari. Huyu alitia oili safi, tena ya aina ileile ninayoweka mimi, maana nilikuwa nimeikagua rangi na uzito kwenye kijiti. Adui gani huyo mwenye adabu?

"Usimwambie neno," nikamwambia. "Kaa hapa, kunywa chai. Narudi sasa hivi."

Nikachukua ovaroli langu lenye zipu iliyokufa, maana nilijua mkewe ni fundi cherehani, nikaenda. Nyumba yao iko mtaa wa pili tu. Chumba cha mbele ndicho anachoshonea, dirisha linatazama uani, penye kibanda cha pikipiki. Nilimkuta na futi ya kupimia shingoni, sare za shule zimepangwa mpaka usawa wa kiuno chake. Akaniangalia kucha zilivyojaa grisi.

"Wewe ndiye fundi wake."

"Ndiye, mama. Nimekuletea zipu."

Akalipokea ovaroli kwa vidole viwili, akalitandika. Lakini kabla ya kushona akachukua kichupa kidogo, akatia tone kwenye tundu moja la cherehani, tone kwenye la pili, tone kwenye la tatu, akazungusha gurudumu kwa mkono, akafuta na kitambaa. Mkono wake ulifanya hayo yote macho yakiwa kwenye zipu.

"Kila siku unaitia?"

"Kila siku ya Mungu. Chuma kikisugua chuma bila oili kinajila chenyewe. Mashine hii ina miaka ishirini na sita na haijawahi kunikwamia."

"Na pikipiki je?"

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Nilidhani atanifukuza. Akavua miwani.

"Alikuwa anaiangalia kila asubuhi," akasema. "Namwona hapo dirishani, miaka yote. Halafu siku moja akaacha. Hivihivi tu. Anapita pembeni yake kama haioni. Nikasema uzee umeanza, anasahau, na mtu mwenyewe anakwenda peke yake kusiko na watu. Nikawa nangoja aingie kuoga. Nachomoa kile kijiti kama alivyokuwa anafanya yeye. Kikavu. Kila siku kikavu, fundi. Nikawa naongeza kikombe cha kahawa. Oili nilikwenda kuinunua na chupa yake tupu mkononi, wasije wakanipa siyo."

"Ulikuwa unaisimamishaje unapoipima?"

"Ilivyo. Imelala kwenye ule mguu wake wa pembeni. Nguvu za kuliinua dude lile nitazitoa wapi?"

Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake. Kijiti cha pikipiki ile kiko upande wa kulia. Ikilala kushoto, oili yote inakimbilia kushoto, na kijiti kinatoka kikavu hata injini ikiwa imejaa mpaka kooni. Nikachukua bilauri ya maji iliyokuwa mezani, nikaiinamisha kumwonyesha. Alinizuia mkono kabla sijafika katikati. Naye ni mtu wa vipimo.

"Kwa hiyo aliyemwangusha ni mimi."

"Tulimwangusha wawili," nikasema, na maneno hayo yalinitoka kwa shida. Nikamweleza ni nani aliyemkataza mumewe kugusa kijiti, na kwa sauti gani. Yule mzee hakusahau kitu. Aliacha kwa sababu nilimfokea. Akanisikiliza bila kunikatiza, na sikupenda alivyokuwa ananitazama.

"Lakini mama, si inasemekana huipendi?"

"Siipendi. Akiondoka nayo silali vizuri mpaka arudi." Akaendelea kushona kidogo, akaacha tena. "Mume wangu si mkali, si mlevi, sina la kumshtaki. Ila haongei. Tunakula, tunalala, tunaamka. Lakini akitoka safari, fundi, siku tatu anaongea. Anakaa hapo ulipokaa. Ananichorea milima kwenye karatasi zangu za kukatia nguo, ananieleza mito, mtu aliyempa maji, mbuzi waliolala barabarani. Siku tatu. Ya nne ananyamaza mpaka safari nyingine. Sasa Jumamosi wakija kuichukua, mimi nitabaki na nini?"

Akakata uzi kwa meno, akanipa ovaroli langu.

"Usimwambie."

"Ataniuliza ilikuwa nini, mama, na mimi sijawahi kumdanganya mtu kuhusu injini yake."

Akafikiri. "Basi mwambie kila kitu, usimwambie nusu," akasema, akarudi kwenye sare zake.

Nilimkuta mzee amesimama palepale, chai haijaguswa, sura imemjaa maneno ambayo angemwambia mkewe. Nikamweleza yote, kijiti, mguu wa pembeni, kikombe cha kahawa, mpaka yale makelele yangu ya siku ya kwanza. Nikamwomba radhi, kitu ambacho mafundi wenzangu hapo gereji waliacha spana kukisikiliza. Akatikisa kichwa tu. Kisha nikamweleza alichosema mkewe kuhusu safari na ile siku ya nne.

Akavuta kigoda akakaa.

"Alisema siku tatu?"

"Tatu."

"Alizihesabu?"

"Alizihesabu, mzee."

Akawa anatazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Siku ya tatu huwa anaanza kushona huku naongea," akasema. "Ina kelele ile mashine. Mimi nikajua amenichoka, ananionyesha kistaarabu. Ndiyo maana huwa nanyamaza."

Akatoa simu, akampigia yule mnunuzi wa Jumamosi, akamwambia asije, na samahani kwa usumbufu. Nikamwambia anipe robo saa tu nipunguze oili aondoke na chombo chake. Akasema ataifuata kesho au keshokutwa, akatoka kwa miguu kuelekea kwake, akisahau kofia yake juu ya tangi, na nilimwona anavuka barabara bila kungoja magari yaishe.