Amesema Nini

…sema nayo basi, anasema muuzaji, haing'ati hiyo, na dada anacheka kile kicheko chake cha ofisini, kicheko cha mtu anayening'iniza kitambulisho shingoni hata siku ya mapumziko, sema nayo wewe msomi, si ndicho ulichosomea hicho Kiingereza, na mimi nimesimama mbele ya spika ya duara iliyokaa juu ya kioo kama chungu kilichovishwa soksi, kimwanga cha buluu kinazunguka utosini mwake, kinazunguka, kinaningoja nifungue mdomo, na kichwani kumetulia kama ukumbi wa mtihani uliokwisha, miaka yote ile ya isimu na tafsiri na nadharia juu ya nadharia, kumbe nilikuwa naandaliwa kuja kukiambia chungu volume up, please… Inaelewa Kiswahili? nauliza, na muuzaji anajikuna kidevu, aah, hapo kaka bado, labda toleo lijalo, ila kwa Kiingereza we iambie tu, inapandisha sauti, inatafuta filamu, inazima hata taa kama taa zenu ni smart, na taa zetu si smart, swichi ya sebuleni kwetu mpaka uizabe kofi, na baba yangu kuomba sauti kwenye runinga yake mwenyewe itabidi ajifunze lugha ya watu, uzeeni, well done, science… Sasa hii au ile, anauliza dada, na ile ni spika ndefu nyeusi iliyolala chini ya runinga ya maonyesho kama rula ya mwalimu, nayo inashika intaneti, anasema muuzaji, lakini mama, uzuri wake ni kitufe hiki hapa kwenye rimoti, ona, anabonyeza, na yule mwanamke anayelia kwenye skrini sauti yake inasogea mbele, muziki unarudi nyuma kama umekaripiwa, umeona, maneno yanatoka meupe, mzee wako hatapitwa na neno hata moja. Hata moja. Hapo moyo wangu ulipaswa kushtuka lakini haukushtuka, siku hizi haushtuki, zile barua pepe za kuninyima kazi, we regret to inform you, zimeupiga ganzi, nimeangalia tu kidole cha muuzaji juu ya kitufe na nikawaza, basi wamemkamata baba… maana dada hajui, dada anajua runinga ni mbovu, baba mwenyewe ndiye aliyewaaminisha, hii runinga inatafuna maneno, anasema, tena kwa hasira, anaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, na runinga ya watu haina kosa lolote, ni msumeno wa kile kiwanda cha mbao alikofanyia kazi ndio uliomla sikio la kulia kwa kelele zake, huku la kushoto umelionja onja, baba ambaye zamani alikuwa akisikia fundo ndani ya ubao kabla meno ya msumeno hayajalifikia, anainua mkono, mashine inasimama, wenzake wakimwita Daktari, na mimi nalijua hilo kwa sababu ndimi ninayekaa kushotoni kwake kila jioni, kochi lenye shimo, amesema nini? anauliza baba, nami namwambia, anasema hatarudi tena, na yule amesema nini? anasema nenda basi, nani amekushika, filamu nzima, maneno ya watu wote yanapitia mdomoni mwangu, mpelelezi mimi, mjane mimi, mbwa akibweka baba ananitazama vilevile na mimi nasema amebweka, kazi pekee niliyowahi kupata bila usaili na bila mtu kuniuliza experience… sasa ikija rula hii, maneno meupe, halafu bado aulize amesema nini, atamsingizia nani? Dada atageuza shingo amtazame jinsi anavyonitazama mimi, kama kitu cha kupelekwa kwa fundi. Au asiulize, aone haya, akae anatazama midomo ya watu inavyofunguka na kufungika… na kama kweli atasikia, basi mimi ndiye wa kuachishwa, redundant, eti, na kipande cha plastiki, hata pensheni sina… Mama chukua tu ile ndefu, anasema muuzaji, wazee wanaipenda, na dada anamwambia yeye, si mimi, unajua shida si mzee, shida ni hawa wakiwa wawili, runinga inapigwa mtaa mzima ujue ni filamu gani, lakini nikikaa naye mimi, siku huyu anapokwenda kwenye usaili wake huo usioisha, baba anaweka sauti chini kabisa, kimya, wala haulizi mtu kitu, anacheka mwenyewe… Anacheka? nasema. Eh, anacheka, dada anasema, kwani wewe huchekagi… anacheka, na mimi namwona sasa hivi, jioni ile nilipotoka kunyimwa ile kazi ya ukarani, ile waliyokwisha kumpa mpwa wa bosi, kwenye skrini mfanyakazi anafukuzwa, ameinamisha kichwa, amesema thank you, sir, na baba akauliza amesema nini, nami nikamwambia, anasema bakini na kazi yenu mkampe mpwa wenu awaangushie kampuni, na baba, macho kwenye runinga, akatafuna kwanza ulimi, akasema polepole, hakusema hivyo huyo… lakini angesema. Nikadhani ameusoma uso wa yule wa kwenye skrini. Nikadhani nini sijui, nilikuwa na hasira, hasira haina masikio. Na mara ngapi amecheka kabla sijamaliza, nikamalizia tu, kama mtu anayepigia makofi wimbo uliokwisha… kwa hiyo ama husikia, mzee huyu, husikia yote, na ameketi miezi yote hii akiniundia kazi kwa sikio lake bovu, ananiita kila baada ya sentensi nisije nikalala nimegeukia ukuta, ama hasikii kitu na hucheka peke yake mbele ya binti yake ili asionekane, na sijui ni lipi, wallahi sijui, na kumwuliza siwezi… ningekasirika, ningekuwa na nguvu ningekasirika, mtu mzima na shahada yake kupewa ajira ya huruma na babaye, ila kinachokuja si hasira, ni kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi, zile sindano, mwanzo nyayoni… Haya msomi, ipi, maana nina safari nyingine, anasema dada, na mimi najua ni ile ndefu, ile yenye kitufe, aweze kusikia kama anasikia, na nitakaa palepale kushotoni, kwenye shimo langu, na akiuliza amesema nini nitamwambia alichosema, neno kwa neno, na akitangulia kucheka nitamalizia hivyohivyo… usiogope kaka, anasema muuzaji, sema nayo kidogo tu uone, na kimwanga kinazunguka, kinazunguka, bado kinaningoja…