Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Pili

Ndege ile iliundwa kwenye banda la mama mkwe, nyuma ya nyumba, palipokuwa na magunia ya mkaa na baiskeli mbovu. Mkwewe, fundi umeme, alianza kwa kuomba kona moja. Kona ikawa nusu, nusu ikawa banda zima. Mama hakununa. Alikuwa fundi cherehani, na siku alipomkuta mkwewe akihangaika kuvalisha bawa kitambaa, alimpokonya sindano akasema kazi ya aibu namna ile haitatoka kwake. Mabawa yote mawili akayashona yeye.

Kwa hiyo ndege ilipokaguliwa na kuruhusiwa kubeba abiria, kiti cha pili kilikuwa na mwenyewe. Binti yake alijaribu kumzuia, akasema mama ana presha. Mama akajibu kwamba presha humpanda akiachwa chini kungoja habari.

Waliruka asubuhi, upepo umetulia. Mama alitazama mapaa ya mabati, barabara, na zaidi ya yote mishono yake. Yeye na mkwewe waliheshimiana kupita kiasi. Miaka yote walizungumza kama wageni sebuleni. Sasa walikaa bega kwa bega, kila mmoja akijibana upande wake.

Ndipo injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima, na propela ikasimama mbele yao.

Fundi alishusha pua ya ndege isipoteze mwendo, akajaribu kuwasha. Wapi. Ulisikika upepo tu. Akaangaza macho chini, akaona shamba la maharage lililokwisha kuvunwa, refu, halina mti.

"Mama, injini imezima. Tutatua pale shambani."

"Nifanye nini?"

"Kaza mkanda, vua miwani. Mlango uache wazi kidogo, usije ukakwama."

Mama akafanya yote bila papara. Kisha akasema, "Mwanangu, angalia mbele. Usiniangalie mimi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Fundi hakuwa na nafasi ya kulifikiria neno lile; alikaza macho kwenye shamba.

Walipita juu ya ua wa shamba, nusura waukwangue. Magurudumu yakagusa udongo, ndege ikadunda, ikagusa tena, ikakimbia vizuri mpaka gurudumu la kushoto lilipoingia kwenye mtaro. Mguu wa gurudumu ukavunjika, ndege ikageuka ikalala ubavu.

Walitoka wakaenda kukaa mbali nayo. Fundi alimpapasa mama mikono na mabega, akiuliza wapi panauma, heshima zote kazisahau. Palikuwa na mchubuko wa kiwiko tu. Hapo akajiinamia akalia, na mama akakivuta kichwa chake begani mwake mpaka alipomaliza.

Baadaye fundi alifungua bomba la mafuta, akakuta limezibwa na kipande cha gundi kilichobanduka kwenye tangi. Akasema kosa ni lake, gundi aliipaka mwenyewe.

"Basi tutalisafisha tangi," mama alisema.

Mwenye shamba aliwabebea ndege kwenye tela la trekta hadi nyumbani. Mama alikataa kupanda trekta; alitembea ameshika ncha ya bawa lisije likachanika vichakani. Binti alikuwa getini. Alimpita mama yake mbio, akamkumbatia mumewe, akawa anampiga mgongoni ngumi ndogondogo huku hataki kumwachia.

Mama aliwatazama kidogo, akatabasamu, akaingia ndani kubandika chai.