Koko Kutoka Bomani

Jumatatu moja ya Agosti 2021, saa nne asubuhi, Anicet alikuwa jikoni kwake Merrylands, Sydney, akisoma barua ya Kijerumani kwenye laptop ya binti yake. Mkewe Léocadie alikuwa akichambua maharage. Ghala la Minto alikofanya kazi lilikuwa limempunguzia Anicet zamu kwa sababu ya korona, na watu walikuwa wamekatazwa kutembeleana, basi siku hizo alizitumia kutafuta asili yake.

Asili yenyewe aliijua tangu utoto wake Uvira. Babu yake alikuwa na macho ya kijani, na ukoo mzima ulisimulia kwamba sajenti Mdachi, yaani Mjerumani, wa boma la Usumbura, Bujumbura ya leo, alimpenda msichana wa ng'ambo ile ya ziwa, akamwoa. Hata kanisani hapa Sydney waumini walimwita Anicet Mdachi, naye hakukataa. Mwezi uliopita alikuwa amempata mjukuu wa dada yake sajenti, mama wa Bremen aitwaye Hannelore, ambaye alizipiga picha barua za sajenti na kumtumia. Yeye mwenyewe, Hannelore alisema, hawezi kuusoma mwandiko ule wa zamani. Anicet alipata programu inayousoma na nyingine ya kutafsiri.

Sajenti alimwandikia dada yake kwamba chifu mmoja alikataa kutoa wapagazi, kwa hiyo alichoma nyumba zake na kuchukua mwanamke wa kumpikia. "Nimemfunga kamba mpaka azoee," aliandika. "Jina sijamuuliza."

Anicet alipofika hapo, mwanamke aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na miaka kama ishirini, amevaa nguo ya gome la mti, na kamba ya shingoni mwake ilikuwa ndefu kiasi cha kuburuzika sakafuni. Léocadie alimtazama, akaona uso ni wa binti yao Falone mtupu. Alimkumbusha mumewe kwamba wageni hawaruhusiwi, kisha akampa mgeni barakoa na kiti. Walimwita Koko, kama wanavyoitwa wazee kwao, ingawa alikuwa mdogo kuliko wao wote wawili. Léocadie aliikata kamba kwa kisu cha nyama. Alipomaliza kukiosha kisu, kamba ilikuwa imeungana tena.

Kiswahili Koko alikuwa amekijifunzia bomani, kwa hiyo alijua amri tu. Akitaka maji alisema, "Lete maji." Akitaka kushukuru alisema, "Nenda."

Jumapili Hannelore alipiga simu ya video, wanawe wakiwa nyuma yake, wote wamevaa vizuri. Kabla ya hapo Anicet alikuwa amemwomba Koko akakae chumba cha kufulia, akisingizia kwamba mtandao ni dhaifu. Hannelore aliuliza sajenti na mkewe walikutana wapi.

"Sokoni," Anicet akasema. "Alikuwa akiuza samaki."

Hannelore alifuta machozi. Aliuliza barua zinasema nini, na Anicet akasema ni habari za mvua na homa.

Falone, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ambaye wazazi wake wakimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, siku hiyo alikitafuta Kiswahili mpaka akakipata.

"Baba, umedanganya."

"Wale ni ndugu zetu, Falone."

"Na huyu?"

Anicet alianza kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Koko alitoka, akaketi mbele ya laptop, akamwambia, "Andika." Kisha akataja jina lake: Ntirandekura.

Anicet aliliandika kwenye barua ya kumtumia Hannelore. Aliandika pia habari za moto na kamba, akaambatanisha tafsiri yote, akaisoma barua yake mara mbili. Halafu akaifuta, akaandika kwamba familia imefurahi mno na inawasalimu.

Wiki tano baadaye posta ilileta mti wa ukoo kutoka kwa Hannelore, umechapwa kwenye karatasi nzito. Sajenti alikuwa na jina lake lote, tarehe zake, kijiji chake na cheo chake. Kando yake paliandikwa: mke Mwafrika, muuza samaki.

"Soma," Koko akasema.

Anicet alianzia juu, akayasoma majina ya Bremen moja baada ya jingine. Alipofika kando ya sajenti akasoma, "Ntirandekura." Koko, ambaye hakufundishwa kusoma, alisikiliza, akasogea karibu.

"Onyesha."

Léocadie aliacha kukunja nguo. Falone alimtazama baba yake. Anicet aliweka kidole juu ya "muuza samaki".

Karatasi waliitundika sebuleni, kwa kuwa Hannelore alitaka kuiona ukutani kwenye simu ya Jumapili. Koko bado anaishi nao. Kila asubuhi, kabla ya kushika ufagio, hupita hapo akayagusa maneno hayo kwa vidole viwili, na Anicet, kama yumo sebuleni, hutoka.