Hodi, Nambari Tisa

Dalmas Ouma hakuwahi kupenda kitu kabla ya kukitukana kwanza, na hata akishakitukana, mara nyingi hakukipenda. Selpha, mkewe, alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwaka wa tisini na tatu, mdogo wake wa kiume, Nicodemus, alipoingia uani pale Nyalenda akipunga gazeti, mashavu yamemvimba kwa hasira, Selpha hakuinua hata kichwa. Aliendelea kuchambua dagaa wa omena kwenye ungo.

"Mumeo ametuandika," Nicodemus akasema.

"Amewatukana, sema hivyo."

"Ametutukana, ndiyo."

Nicodemus na wenzake watatu ndio waliokuwa bendi ya pekee ya hevi metali Kisumu nzima, na Selpha hakushangaa kwamba hapakuwa na ya pili. Mji mzima unacheza benga, wao wanavaa suruali nyeusi za kubana katika joto lile la ziwa, wanapiga magitaa kama watu wanaobomoa banda la mabati. Sasa walikuwa wametoa kaseti ya nyimbo tisa, zote zimetoka kwenye riwaya moja ya zamani: karani wa reli anamfukuza mkewe kwa sababu ya shati lililoungua pasi, kisha anazeeka peke yake. Waliirekodi katika ukumbi wa kanisa kule Kondele, bila mchungaji kuulizwa sana. Kaseti ya kwanza kabisa, mpya, haijachezwa na mtu, Nicodemus alimpelekea Dalmas, kwa kuwa Dalmas alifundisha fasihi sekondari na kila wiki aliandika gazetini habari za muziki. Na bado alikuwa shemeji. Kwenye karatasi, angalau.

Selpha alikuwa ameondoka kwake mwanzoni mwa mwaka. Siku hiyo Dalmas aliichukua barua ambayo Selpha alimwandikia mamake kule Sondu, akaisahihisha kwa wino mwekundu mbele ya walimu wenzake, wakacheka mpaka chai ikawamwagikia. Mtu mzima na digrii yake! Selpha alifunga begi, akaja kwa Nicodemus.

Lakini mwezi wa nne, mvua kubwa inanyesha, moyo ulimlainika akarudi. Alisimama kwenye mlango wa nyumba ya mwalimu, maji yanamchuruzika mgongoni, akabisha hodi. Redio ilikuwa inaimba ndani. Akabisha tena, akamwita Dalmas kwa jina. Hakuna aliyefungua. Akarudi Nyalenda amelowa chapachapa. Mtu pekee aliyemweleza ni Mzee Enos, kakake Dalmas, na Enos alikwenda akauliza, akaleta jibu: "Hakusikia, Mama. Ni redio tu, ilikuwa juu."

Selpha aliamua kuamini. Kama hakusikia, basi lililobaki kusamehewa lilikuwa kalamu nyekundu tu, na kalamu anaweza kuivunja. Leo Enos alikuwa anakuja kuchukua jibu lake, arudi au asirudi, na begi lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa.

"Haya, soma," akamwambia Nicodemus. "Uyatoe, yasikukwame."

Nicodemus akasoma, akiiga ile sauti ya puani ya Dalmas. Mwalimu alikuwa amezipanga nyimbo zote, kutoka bora hadi mbovu, kama vile anasahihisha mtihani wa kidato cha pili. Wa kwanza ni "Shati," kwa sababu ni mfupi. Wa pili "Reli," ambamo mpiga ngoma alionekana amesinzia, jambo la kushukuriwa. Kwenye wimbo wa tano mwimbaji "analia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa." Selpha akacheka.

"Unacheka nini?"

"Hapo kwa ng'ombe hajakosea. Endelea."

"Nambari tisa, 'Hodi.'" Sauti ya Nicodemus ikashuka, maana huo ndio wimbo aliojivunia kuliko yote. "'Dakika saba nzima mke anabisha hodi mvuani, na mume yuko ndani, anasikia, hainuki. Upuuzi. Hakuna mume wa namna hiyo duniani. Mwandishi wa riwaya alikosea, na vijana hawa wamekosea zaidi kwa kumwamini. Niliusikiliza mara moja, na mara moja ilitosha.'"

Selpha aliacha kuchambua. Hakuwahi kumweleza mdogo wake habari za ile mvua. Wimbo ulitoka kitabuni, basi.

"Mara moja!" Nicodemus akafoka. "Mimi nimeutunga miezi, yeye ameusikiliza mara moja!"

Mzee Enos akafika saa ya chai, koti zito begani juani, akapewa kiti cha kivulini. Akauliza habari za Sondu, akasifu omena, kisha akatoa bahasha mfukoni.

"Dalmas amerudisha kaseti yenu. Anasema asante."

"Asante yake aiweke," Nicodemus akasema. "Mzee, wewe ni mtu wa haki. Sikiliza mwenyewe uniambie kama 'Hodi' ni wimbo wa kuwekwa mwisho."

Akaleta redio, akaijaribu kaseti. "Shati" ukatoka safi, unakata kama wembe mpya. Akausogeza mbele: "Reli," safi. Yule ng'ombe wa wimbo wa tano naye alisikika vizuri kabisa, bahati mbaya. Kisha "Hodi" ukaanza, na sauti ikayumba. Gitaa likazama, likaibuka likilia kama mbuzi mgonjwa. Walipofika pale mke anapobisha mlango, karibu hapakubaki kitu, mkwaruzo tu, na kwa mbali sana mwanamke anaita.

Nicodemus akaichomoa kaseti, akauvuta utepe kidogo kwa kidole. Ulikuwa umelegea na kukunjamana.

"Kaseti mpya hii! Zingine zote nzima, huu umelika! Mtu ameurudisha nyuma akaucheza, akaurudisha akaucheza, mpaka umekwisha. Nani ameishika, Mzee?"

"Ni yeye tu," Enos akasema. "Si unamjua. Redio yake haiguswi na mtu."

Selpha akauweka ungo chini.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya mvua alinisikia."

Enos akatazama ndani ya kikombe. Kisha uso ukamchangamka, kama aliyepata njia. "Lakini Mama, si ni vizuri? Wimbo mmoja mpaka unalika! Mwanamume ana aibu zake, lakini sasa si unaona? Anaumia. Anakupenda huyo."

"Naona."

Selpha akainuka, akaingia ndani, akatoka na begi. Enos akasimama haraka, anatabasamu, akanyoosha mkono ampokee. Selpha akampita. Akalifungua begi pale uani, akatoa gauni moja moja, akayatundika kwenye kamba kuondoa mikunjo.

"Angekuwa hakusikia, ningerudi leo hii," akasema. "Angekuwa hana moyo, pia ningerudi, mtu asiye na moyo unampikia, unamfulia, hungoji kitu kwake. Lakini huyu masikio anayo. Moyo anao. Miguu pia anayo, na kutoka kwake mpaka hapa ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Akaona ni heri kubonyeza redio kila siku. Halafu anawaandikia watu gazetini kwamba hakuna mume wa namna hiyo. Ptu!"

"Sasa nimwambie nini?" Enos akauliza, mkono bado umenyooka.

Selpha akachukua kaseti kwa Nicodemus, akauviringisha utepe ndani kwa kidole, taratibu, akaiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Mwambie wimbo ni mzuri. Yeye ndiye aliyeuharibu."