Neno la Kumwambia Baba Mkwe

Mwalimu wa kayaki alikuwa amefundisha watu mia tatu na kitu kupiga kafi, na wote aliwaambia jambo moja: nguvu haitoki mikononi, inatoka kiunoni. Zungusha kiuno. Aliwaambia mawakili, aliwaambia mabinti wa shule, alimwambia padri mmoja mnene, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Kisha baba mkwe wake akastaafu.

Alikuwa mpima ardhi, mzee mkavu, hacheki bila sababu, na sababu zenyewe zilikuwa chache. Daktari alimwambia atafute mchezo wa kuunyoosha mgongo. Mzee akachagua kayaki kwa kuwa, alisema, ni mchezo wa kukaa. Jumamosi iliyofuata, saa mbili kamili asubuhi, alifika klabuni kando ya bwawa, suruali imepigwa pasi, jaketi la kuokolea kalivaa juu ya shati lililofungwa hadi kifungo cha shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hapa nichukulie kama mwanafunzi yeyote."

"Sawa, baba," akajibu mkaza mwana, huku akijua fika kwamba hilo halitawezekana.

Mzee alipiga kafi kwa nguvu za mikono tu, viwiko vimekunjwa, kama mtu anayekoroga rangi ndani ya pipa. Kayaki ikazunguka, ikarudi gatini, ikazunguka tena.

"Hii imepinda," akasema.

Akabadilishiwa. Ya pili nayo ilikuwa imepinda. Kufikia saa nne, kayaki zote nne za wanaoanza zilikuwa zimepinda.

"Baba, labda ujaribu kutumia sehemu ya kati," mwalimu akasema.

Mzee akasogeza viganja vyake, akalishika kafi katikati.

"Si ya kafi, baba. Ya mwili."

Mzee akainama, akalitazama tumbo lake kwa muda mrefu. Mwalimu akaanza kueleza habari za upepo.

Jioni alimsimulia mumewe aliyekuwa akipiga pasi, naye akacheka hadi akaiweka pasi chini.

"Si umwambie tu kiuno!"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Nimwambie baba?" Mume akaichukua pasi yake, akaendelea na mashati.

Wiki ya tatu mwalimu alipata wazo. Alimwambia mzee aitazame zipu ya jaketi lake: kila anapopiga kafi kulia, zipu igeukie kulia, na akipiga kushoto, igeukie kushoto. Kifua hakigeuki peke yake, aliwaza, kiuno kitafuata chenyewe bila kutajwa. Mzee akasikiliza kwa makini. Akaliweka kafi mapajani, akaishika zipu kwa vidole viwili, akaivuta kulia.

"Hivi?"

"Karibu, baba."

Wiki zikasogea. Mzee hakukosa hata Jumamosi moja. Bega lake la kulia lilivimba, akawa ananuka dawa ya kuchua kuanzia gatini hadi kwenye boya la kugeuzia, lakini hakulalamika. Mwalimu alikuwa halali vizuri. Kumwona mtu anajiumiza mbele yako, na dawa yake unayo mdomoni, si jambo dogo.

Wiki ya saba walitoka wanafunzi tisa kwenda kwenye boya. Walipogeuza, upepo ukawakabili usoni. Msichana mmoja akapinduka, na mwalimu akawa ameshikilia kayaki yake, wanamwaga maji yaliyoingia, hawezi kuiacha. Alipoinua kichwa, akamwona baba mkwe wake hatua hamsini hivi, anakoroga kwa nguvu zake zote huku anarudi nyuma, polepole, kuelekea ukuta wa zege wa bwawa.

"Baba! Acha mikono!"

"Nishike kwa kitu gani, basi?" mzee akajibu kwa sauti.

Ukuta ulikuwa unasogea. Mwalimu akavuta pumzi.

"Kiuno, baba! Nyoosha mikono, chomeka kafi karibu na vidole vya mguu, sukuma kwa mguu huohuo, halafu uzungushe kiuno! Zungusha kiuno!"

Wanafunzi wote wakageuka. Mvuvi mmoja ukingoni akaweka ndoana yake chini ili asikilize vizuri.

Mzee akanyoosha mikono, akachomeka kafi mbele kabisa, na mwili mzima, kuanzia mbavu hadi nyonga, ukageuka. Kayaki ikaondoka. Akageukia upande wa pili, ikaenda tena, imenyooka, pua inapasua mawimbi. Aliwapita wanafunzi wanne bila kuwasalimia.

Mwalimu alipofika gatini alimkuta mzee ameketi juu ya kayaki iliyopinduliwa, anatoa maji viatuni.

"Nisamehe, baba. Niliogopa ukuta."

"Neno hilo ulikuwa nalo tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi pia," mzee akasema. "Nilikuwa nakusikia ukiwaambia wenzangu. Nilijua kabisa la kufanya. Lakini mtu atazungushaje kiuno mbele ya mkwe wake?"

Mwalimu akakaa kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimwona mzee huyo akicheka, kicheko kifupi, kama kikohozi. Yeye akacheka zaidi, mpaka machozi yakamtoka, wakaachana hapo kila mmoja akijifuta uso kwa taulo lake.

Bega lilipona ndani ya mwezi. Masomo yakaendelea, sasa kwa maneno kamili. Siku moja mume alikuja kutazama, akasimama gatini mikono mfukoni, akamwona baba yake anakuja kasi kutoka kwenye boya.

"Mbona baba anajinyonganyonga hivyo?" akauliza.

"Ni ufundi," mkewe akamjibu, akaenda kumshikia mzee kayaki ashuke.